Boga lako lina mabaka? Weka chini bomba la dawa

Kongowea wananijua kwa mamumunye na majani ya maboga ninayovusha Likoni kutoka Mtongwe. Karibu kila wiki kuna mkulima mwenzangu huniuliza: "Mama, majani yamefanya mabaka, nipige dawa gani?" Swali hili hunichoma, maana msimu wangu wa kwanza nilipiga dawa mara tatu. Vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu na kueneza virusi vya mabaka, vilikufa, shamba likaisha vilevile.

Kidukari hakihitaji kushiba ndipo kiambukize. Hudunga jani gonjwa kwa sekunde chache, virusi vikanata mdomoni, kikarukia mche mzima kikauonja. Dawa inapokiua, kazi imekwisha.

Hakikisha kwanza ni virusi. Asubuhi, inua jani changa la nchani ulitazame kwenye mwanga. Virusi hujionyesha huko: mabaka ya kijani na manjano yasiyo na mpangilio, malengelenge, na jani likizidiwa hukonda likawa kama uzi. Udongo uliopungukiwa magnesi huanza na majani makuukuu ya chini, na mishipa hubaki kijani.

Ukishajua, ng'oa siku hiyohiyo, hata kama mche umetoa maua. Uvike gunia kwanza, vidukari visitawanyike, kisha uzike mbali. Mche ulioambukizwa haponi. Unaowaokoa ni jirani zake.

Mbegu stahimilivu nunua, ila usizitegemee peke yake. Virusi vya manjano vya zukini (aina ya boga dogo refu), vilivyoelezwa mara ya kwanza Italia mwaka 1981, vina maagizo ya urithi yenye herufi kama 9,600. Vikijinakili hukosea herufi na havina wa kusahihisha, hivyo ndani ya mche mmoja mna virusi vingi vinavyotofautiana kidogo, na kimojawapo chaweza kuipenya kinga uliyoilipia. Virusi vya batobato (ugonjwa wa mabaka) la tango navyo vimegawa maagizo yao vipande vitatu. Aina mbili za virusi hivyo zikikutana kwenye mche mmoja, huweza kubadilishana vipande. Tena vinaishi katika aina zaidi ya 1,200 za mimea, magugu yakiwamo. Palilia hadi mpakani.

Na mpapai ulio kando ya maboga? Virusi vya pete vya papai viko vya namna mbili. Namna moja hushika jamii ya maboga na matango tu. Nyingine hushika mpapai na hao pia. Mpapai wenye pete kwenye matunda, uondoe.

Kuna vingine visivyohitaji mdudu: batobato la kijani la tango husafiri kwa mbegu, kisu na mikono. Ukimaliza kugusa mche unaoutilia shaka, nawa kwa sabuni kabla ya kushika mwingine.

Msimu ujao, panda mistari ya mahindi kuzunguka shamba wiki mbili tatu kabla ya maboga. Kidukari kikitua kwanza kwenye mahindi, hupangusa mdomo huko. Miche michanga ifunike kwa chandarua, ukiondoe maua ya kike yakianza kufunguka, nyuki wapite.

Boga lenye nundu halimdhuru mlaji, virusi hivi havishiki watu. Mimi hulipika kwa tui zito la nazi. Mbegu zake sizianiki.