GRE: jinsi ya kujiandaa na kupandisha maksi bila kukesha bure

Kama unaomba masters au PhD Marekani na umesikia wanataka GRE, yaani mtihani wa kuombea masomo ya juu, kabla hujalipa chochote ingia kwenye peji ya kozi yenyewe, sio ya chuo kwa ujumla, maana siku hizi kozi nyingi zimeufuta huu mtihani au wameandika ni hiari, na chuo kimoja kinaweza kuwa na idara inaudai na ya jirani haina habari nao. Dola 220 sio hela ya kuchezea.

Haya, tuseme wanautaka kweli. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa, ni saa moja na dakika 58 tu: insha moja ya dakika 30, halafu verbal (yaani Kiingereza: maneno na kusoma kwa kuelewa) sehemu mbili na hesabu sehemu mbili, kila upande maswali 27. Ukipewa na rafiki vitabu vya zamani vinavyosema insha mbili na karibu saa nne usivitupe, maswali yake bado yanafaa, ila ratiba yake achana nayo. Verbal na hesabu kila moja ni 130 mpaka 170, insha 0 mpaka 6.

Kabla hujafungua kitabu chochote piga pepa nzima kwanza. ETS, hao wanaoutunga GRE, wenyewe wanatoa mitihani ya mazoezi miwili ya bure inaitwa POWERPREP, na hiyo ni dhahabu kwa sababu maswali ni yao. Mmoja ufanye mwanzoni kabisa ujue umesimama wapi, wa pili uufiche mpaka wiki mbili hivi kabla ya siku yenyewe. Mtu akiimaliza yote wiki ya kwanza baadae anabaki hana kipimo cha maana.

Sasa hapa ndo maksi zinapopanda na ndo watu wengi wanaparuka: maswali uliyokosa. Chukua daftari, kila ulilokosa andika kwa nini. Sikujua kabisa? Nilijua nikakosea kujumlisha? Sikusoma swali vizuri? Muda? Maana kila kosa lina dawa yake, na kufanya maswali mia tano bila kurudi nyuma ni kujichosha tu. Baada ya siku kadhaa rudia yale yale bila kuangalia jibu.

Mfano, kwenye hesabu kuna yale ya kulinganisha, unapewa A na B useme kipi kikubwa, au viko sawa, au haiwezekani kujua. Wanakuambia x ni kubwa kuliko 0, A ni x kwa kipeo cha pili, B ni x. Mkono unakimbilia A, si ndio? Weka 3, unapata 9 na 3, A kubwa. Weka 1, zimelingana. Weka nusu, unapata robo, B kubwa. Jibu ni haiwezekani kujua. Kwa hiyo jizoeshe kujaribu 0, 1, sehemu na namba hasi kila inaporuhusiwa kabla hujabonyeza chochote. Hesabu zenyewe ni za sekondari, hakuna kalkulasi humo, aliyefaulu fomu foo anazijua ila kazisahau, kwenye tovuti ya masomo ya Khan Academy zipo bure. Kuna kikokotoo kwenye skrini lakini kubonyeza kwa mausi kunakula muda, na una kama dakika moja na robo tatu kwa swali.

Verbal ndo inatutesa wengi wetu. Usikariri orodha ya maneno kwa alfabeti, yakusanye kwa maana: laconic, taciturn, terse, wote ni watu wa maneno machache, weka pamoja. Inasaidia sana kwenye yale maswali ya kuchagua maneno mawili yanayofanya sentensi iwe na maana ile ile. Na ukikuta pengo, ziba machaguo kwa mkono kwanza, jaza neno lako mwenyewe hata la Kiswahili. Kama sentensi inasema ingawa mzee ni mwongeaji sana, siku ile alikuwa ____, wewe weka "kimya", afu ndo utafute linalofanana nalo. Na pale penye mapengo matatu lazima upate yote, hakuna nusu maksi.

Insha sina mengi, mada zote ETS wamezianika kwenye tovuti yao, chagua moja kila wiki uandike dakika 30 kwenye programu isiyosahihisha spelingi, maana ya mtihani haisahihishi.

Kitu kingine, sehemu ya kwanza ya hesabu au verbal ndo inaamua ya pili itakuwa ngumu kiasi gani, na ukitaka maksi za juu unataka ile ngumu, kwa hiyo yale maswali 12 ya mwanzo usiyafanye kwa fujo. Swali likikugomea liwekee alama uendelee, utarudi kabla muda wa sehemu hiyo haujaisha, na usiache tupu hata moja, ukikosa hawakukati kitu.

Unaweza kuufanya nyumbani, ila uwe peke yako chumbani, karatasi za kawaida hawaruhusu, unatumia kibao cheupe kidogo cha kufuta. Kama mtaani kwenu umeme ni wa kubahatisha nenda kituo cha mtihani tu jamani. Jina ulilojisajili liwe sawasawa na la pasipoti.

Ukitaka kurudia lazima zipite siku 21, mwisho mara tano ndani ya miezi 12, na unachagua mwenyewe matokeo yapi chuo kiyaone. Majibu yanatoka siku 8 mpaka 10, kwa hiyo kama dedilaini ni Desemba fanya Septemba ili ubaki na nafasi ya kurudia. Na siku ya mtihani nenda na majina ya vyuo vinne tayari, hivyo wanavitumia bure, vya baadae kila kimoja unalipia.