Waifai imeshika ila intaneti hakuna: pitia hapa kabla hujapiga windows upya

Wakuu, hii ishu naletewa kila mara, mtu anakuja na kompyuta kwapani, "fundi nipigie windows, intaneti imegoma", ukimuuliza umejaribu nini anasema nimezima nikawasha. Mi windows naipiga mwisho kabisa, na mara nyingi hata sifiki huko. Nenda na mlolongo huu, usiruke.

Hatua ya 1. Chukua simu, iunge kwenye waifai hiyohiyo halafu zima data ya simu, hapo wengi wanajisahau, simu inakula bando lake yeye anajua rauta iko poa. Simu nayo ikigoma basi kompyuta haina kosa. Angalia kifurushi kwanza, na msicheke, nishawahi kupanda darini nikakagua kebo saa nzima kumbe bando la ofisi liliisha tangu asubuhi. Kama bando lipo chomoa rauta kwenye umeme, kaa nusu dakika, rudisha, subiri taa zitulie.

Hatua ya 2, kwa wanaotumia waya. Pale kebo inapoingia kwenye kompyuta kuna vitaa, visipowaka shida ni kebo, tundu au swichi ya mtandao. Mara nyingi ni kile kijilimi cha plastiki cha RJ45 (kichwa cha kebo), kikishavunjika kebo inakaa imelegea, mtu akisogeza meza tu mtandao umekata. Kata kichwa uvalishe kipya, mpangilio wa B (T568B) wa rangi za nyaya za ndani: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, kijilimi kikiwa chini na namba 1 kushoto kwako. Ile kijani usiisogeze ikae na nyeupe-kijani yake eti ndo imependeza, ukifanya hivyo pande zote tester (kifaa cha kupimia kebo) itakuwashia taa zote 8 na utaona umemaliza, ila mtandao utasuasua, hasa kebo ikiwa ndefu, kwa sababu namba 3 na 6 zinatakiwa zitoke kwenye jozi moja iliyosokotwa pamoja. Na kebo isizidi mita 100.

Hatua ya 3. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika cmd, Enter. Kwenye kile kidirisha cheusi andika ipconfig, angalia palipoandikwa IPv4 Address. Ukikuta inaanza na 169.254 ujue rauta haijaipa kompyuta anwani, imejipa yenyewe. Andika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew, iombe anwani upya. Ikiwa inaanza na 192.168 au 10 hapo mara nyingi ni sawa, songa mbele.

Hatua ya 4. Andika ping 8.8.8.8, hapo unaipigia hodi kompyuta ya Google kuona kama intaneti inafika. Isipojibu, piga ping kwenye ile namba ya Default Gateway, hiyo ndo rauta yako, ikijibu yenyewe tu basi shida ipo kuanzia rauta kwenda kwa mtoa huduma. Ila kama 8.8.8.8 inajibu na kurasa hazifunguki, mara nyingi hiyo ni DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba): kwenye mipangilio ya mtandao weka 8.8.8.8 na 1.1.1.1, malizia na ipconfig /flushdns.

Hatua ya 5, na hii ndo inayowatesa watu: tarehe. Kuna dada wa steshenari alishapigiwa windows mara mbili ndani ya mwezi mmoja, siku ya kwanza inachapa kazi vizuri, kesho yake asubuhi Gmail inamwambia muunganisho si salama. Nikatupia macho kona ya chini kulia, mwaka 2012. Yeye kila jioni akifunga duka anazima soketi ukutani, betri ya ndani inayotunza saa ya kompyuta imekufa, saa inarudi nyuma, na tovuti zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na kuisha kwa hiyo brauza inakataa. Fundi akipiga windows anaweka na tarehe, inakubali, jioni soketi inazimwa, kesho yaleyale.

Betri ni CR2032, ya volti 3, umbo la sarafu, hiyo niliipata kwa fundi saa wa jirani. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, fungua kava, sukuma kile kibanio pembeni betri inaruka yenyewe, weka mpya alama ya + ikiwa juu. Ukiwasha ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijafunguka) uweke tarehe.

Imegoma bado? Fungua cmd kama administrator, andika netsh winsock reset (inarudisha mipangilio ya mtandao ya Windows ilivyokuwa mwanzo), restati. Hapo napo ikikataa azima dongo ya waifai ya USB (kile kidude cha kuchomeka kinachoshika waifai) uchomeke, ikishika intaneti basi shida iko kwenye kadi ya mtandao ya ndani, nunua dongo yako uendelee na kazi.