Somo: LEFT JOIN inayopoteza wateja wasionunua

Swali ni lile lile kila mara: "Ripoti inaonyesha walionunua tu, wengine wameenda wapi?" Naliandikia jibu kamili hapa, mtu akiuliza tena nitamwelekeza huku. Tunazungumzia SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, na LEFT JOIN ni amri ya kuunganisha majedwali mawili huku ukibakiza mistari yote ya jedwali la kushoto, yaani la kwanza kutajwa.

Mfano ni duka la vifaa vya ujenzi. Majedwali mawili: wateja (id, jina, simu, mji) na mauzo (id, mteja_id, tarehe, kiasi). Kolamu ya tarehe ina saa na dakika. Tunataka kila mteja na jumla ya manunuzi yake ya Machi 2024, hata ambaye hakununua kitu.

1. Taja kolamu unazohitaji. SELECT * (lete kolamu zote) ni ya kuchungulia tu.

2. Kwenye FROM anza na jedwali ambalo watu wake lazima watokee wote. Hapa ni wateja.

3. NULL (nafasi tupu, isiyo na thamani) hailinganishwi kwa alama ya =. Andika IS NULL.

4. Tarehe: achana na BETWEEN '2024-03-01' AND '2024-03-31'. Kolamu ikiwa na saa, hiyo '2024-03-31' husomwa kama 00:00, kwa hiyo karibu mauzo yote ya siku ya mwisho yanadondoka. Tumia >= na <, kama hapo chini.

5. Unganisha. Hapa ndipo penye shimo. Wengi huandika LEFT JOIN vizuri, kisha sharti la tarehe wanalitia kwenye WHERE, sehemu inayochuja mistari baada ya kuunganisha. LEFT JOIN imembakiza mteja asiye na mauzo na kumjazia NULL kwenye kolamu zote za mauzo. WHERE inapofika inauliza: je, NULL ni kuanzia Machi 1? Jibu si ndiyo wala hapana, ni "haijulikani", na WHERE hupitisha ndiyo peke yake. Mteja katupwa. LEFT JOIN yako imegeuka INNER JOIN (inayobakiza wenye mauzo tu), wala hakuna ujumbe wa kosa utakaokushtua. Sharti la jedwali la kulia (hapa mauzo) liweke kwenye ON, sehemu inayosema mistari ioanishwe vipi. Chini, w ni wateja, m ni mauzo, na COALESCE hugeuza NULL kuwa 0:

SELECT w.id, w.jina, COUNT(m.id) AS idadi,
  COALESCE(SUM(m.kiasi), 0) AS jumla
FROM wateja w
LEFT JOIN mauzo m
  ON m.mteja_id = w.id
  AND m.tarehe >= '2024-03-01'
  AND m.tarehe < '2024-04-01'
GROUP BY w.id, w.jina
ORDER BY jumla DESC;

Tahadhari: usijaribu kuziba kwa kuongeza OR m.tarehe IS NULL kwenye WHERE. Hiyo inamrudisha ambaye hajawahi kununua kabisa, lakini aliyenunua Februari tu bado anapotea, maana mstari wake una tarehe. Tahadhari nyingine: COUNT(*) itampa asiyenunua 1, kwa sababu mstari wake upo, COUNT(m.id) inampa 0. Na usipange makundi (GROUP BY) kwa jina peke yake, akina Juma Ali wawili watakuwa mtu mmoja.

Swali: Mkuu, yangu imegoma. Msaada tafadhali.
Jibu: Imegoma vipi? Weka kweri yenyewe (amri ya SQL uliyoandika), ujumbe wa kosa, na useme programu yako ya hifadhidata ni MySQL au PostgreSQL.

Swali: Nimeweka WHERE m.id = NULL nipate wasionunua, haileti kitu.
Jibu: Hatua ya 3. Ipo hapo juu, mstari mmoja tu.

Swali: Na sharti la mji wa mteja, nalo liende kwenye ON?
Jibu: Hapana, na umeuliza vizuri. Hilo ni la jedwali la kushoto (wateja), libaki WHERE. Ukiliweka ON, wateja wa miji yote watatokea, ila wa miji mingine watasomeka sifuri.

Swali: Nikiongeza jedwali la malipo, jumla ya mauzo inapanda mara mbili. Kwa nini?
Jibu: Mteja mwenye mauzo 3 na malipo 2 anazaa mistari 6, kila mauzo yakikutana na kila malipo. Mauzo ya 90,000 yanasomeka 180,000, na malipo yanazidishwa mara tatu. SUM(DISTINCT) si dawa: mauzo mawili ya 30,000 yatahesabiwa kama moja. Jumlisha kila jedwali kivyake kwanza, ndani ya kweri ndogo yenye GROUP BY mteja_id, ndipo uziunganishe zote mbili na wateja. Hapo kila upande una mstari mmoja kwa mteja.

Swali: Nje ya mada kidogo, namba za simu kwangu zinatoka bila sifuri ya mwanzo.
Jibu: Umeihifadhi simu kama INT (aina ya kolamu ya namba). Namba haina sifuri ya mbele, 07 inabaki 7. Tumia VARCHAR (aina ya maandishi), na uchague muundo mmoja wa kuingizia: zote zianze na 0, au zote na +255. Zikichanganyika, mteja mmoja atasajiliwa mara mbili na kila JOIN kwa simu itamkosa.