Mkoba wa bisi kwa kroshia: jinsi ya kuufuma usilegee

Kama nyumbani kwenu mama alikuwa anafuma vitambaa vya makochi basi nusu ya hii kazi tayari unaijua, mishono yake ni ileile, cheni unaijua, singo unaijua, dabo ndo usiseme. Kinachobadilika ni mkono tu. Kitambaa cha kochi kinataka mkono mwepesi ili kilale vizuri, mkoba unataka mkono mzito kwasababu utabeba simu, pochi, chupa ya maji na pengine kilo ya nyanya ukipitia sokoni. Mikoba mingi ya kroshia inayoning'inia hadi karibu na goti ukiiangalia uzi wake ni mzuri kabisa, shida ni kwamba aliyeifuma alitumia mkono wa kitambaa cha kochi.

Leo tunafuma wa bisi, yaani ule wenye vivimbe vya mviringo vimejipanga mwili mzima kama bisi zilizopasuka. Kuna ndugu yake anaitwa bobo na watu wanachanganya sana. Bobo unafuma dabo 5 kwenye tundu moja bila kuzimalizia, unaacha kila moja na kitanzi chake kwenye sindano alafu mwisho unavivuta vyote kwa pamoja. Bisi unazimalizia dabo zote 5 kabisa, ndo unazikunja zikutane. Bobo ni bapa kidogo, bisi imejaa na inasimama, na kwa mkoba mimi napenda bisi kwasababu inaupa mwili, hata ukiwa mtupu hausinyai.

Kabla hatujaenda mbali, majina. Ukishusha pateni mtandaoni angalia kwanza ni ya Marekani au ya Uingereza, maana singo ya Marekani Waingereza wanaiita dabo, na dabo ya Marekani kwao ni trebo. Niliwahi kufuma kitako kizima cha begi kwa pateni ya Marekani nikidhani ni ya Uingereza, nikapata kitu kifupi kigumu kama kipande cha zulia, siku mbili nafumua. Hapa natumia majina ya Marekani: singo ndo ile fupi, dabo ni ile ya kuzungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla hujachoma.

Uzi chukua wa pamba, unene wa kati. Ule wa masweta wa akriliki unafumika vizuri na bei yake ni nafuu lakini unavutika, ukibeba mzigo mwezi mmoja tu unauona unarefuka. Sindano milimita 4, na hata kama lebo ya uzi imeandika 5 wewe baki na 4, hapo ndo ule mkono mzito unapoanzia. Nunua uzi wote siku moja na uangalie namba ya loti, yaani nyuzi zilizotiwa rangi pamoja, kwenye lebo zifanane, maana nyeupe ya loti hii na nyeupe ya loti ile dukani zinaonekana sawa, ukizifuma pamoja juani unaona mstari.

Bisi inakula uzi sana, kwahiyo pima. Fuma bisi moja ya majaribio, weka alama kwenye uzi pale ulipoanza na pale ulipomaliza, fumua, pima kwa rula. Mkoba wetu una bisi 184. Kama moja imekula sentimita 40 basi bisi peke yake zinataka mita 73 na nusu na kidogo, na hapo hujagusa kitako, singo za katikati wala mikanda. Mimi huwa nachukua gramu 400 kabisa, unaobaki unafanyia kipochi cha funguo.

Tuanze na kitako. Piga cheni 31. Ruka ya kwanza, fuma singo 29 moja kwa kila cheni, ile ya mwisho kabisa weka 3 ili upate kona ya kugeukia, alafu rudi upande wa pili wa cheni hiyohiyo na singo 28, malizia na 2 kwenye cheni uliyoanzia. Hesabu, ziwe 62. Hapo funga kipande cha uzi wa rangi nyingine kama alama ya mwanzo, maana tunazunguka tu bila kufunga mzunguko na bila alama utapotea. Kila mzunguko unaofuata unaongeza 6, yaani 3 kila ncha, unaziongeza kwa kuweka singo 2 kwenye tundu moja pale kwenye kona tu, pembeni kwenye mstari mnyoofu usiongeze kitu. Zitakwenda 68, 74, 80, 86, 92. Ukifika 92 simama. Kitako kikijikunja juu kama kikaango umesahau kuongeza, kikiwa na mawimbi kama kingo za chapati iliyoharibika umeongeza zaidi. Usijipe moyo kwamba kitakaa sawa mbele ya safari, hakikai, fumua mzunguko huo urudie.

Kuinua ukuta: mzunguko mmoja fuma singo 92 ukichoma kitanzi cha nyuma tu badala ya vyote viwili vilivyoko juu ya kila singo, hiyo inatengeneza ukingo mkali na mkoba unasimama wenyewe mezani. Baada ya hapo singo za kawaida mizunguko 3.

Sasa bisi zenyewe, na hapa nenda polepole. Fuma singo 3. Kwenye tundu la 4 weka dabo 5 zote tunduni humohumo. Kitanzi kilichoko kwenye sindano kivute kirefuke kidogo kisifumuke, chomoa sindano. Choma sindano kwenye kichwa cha dabo ya kwanza kati ya zile 5, kutokea mbele kwenda nyuma, dakia kile kitanzi ulichokiacha, kipitishe na uvute kwa nguvu. Dabo zinakunjika zinatokea mbele kama tumbo. Piga cheni 1 uibane. Ukichoma kutokea nyuma kwenda mbele bisi inatokea ndani ya mkoba, kwahiyo ukiona upande wako ni bapa na kwa ndani kumevimba ujue sindano imeingia kinyume. Kwakuwa tunazunguka, uso wa mkoba unatuangalia muda wote na hilo halitusumbui sana, ila wanaofuma kwa kwenda na kurudi wanakwama hapo kila siku.

Rudia singo 3 bisi 1 mpaka umalize, utapata bisi 23. Alafu singo tupu mizunguko 2. Juu ya kila bisi unaweka singo moja tu, basi. Ile cheni ya kubania na kile kichwa cha bisi vinaonekana kama matundu mawili, ukifuma kote kuwili mzunguko mmoja tu umeongeza 23 na mkoba unaanza kupanuka kama sketi. Mimi nahesabu 92 kila mzunguko, kila mzunguko jamani, hata kama naongea na mtu.

Mzunguko wa pili wa bisi tunahamisha zikae katikati ya zile za chini. Singo 1, bisi, alafu endelea singo 3 bisi 1 mpaka zitimie 23, mwisho zitabaki singo 2. Singo tupu mizunguko 2 tena, urudi mpangilio wa kwanza. Hivyo hivyo mpaka mizunguko 8 ya bisi, 23 mara 8 ndo ile 184. Mistari itaegemea kidogo upande mmoja, singo za kuzunguka ndo zilivyo, wala hujakosea. Malizia juu na singo mizunguko 5, na wa mwisho kabisa piga slipi zilizobana, yaani unachoma na kuvuta uzi upite moja kwa moja hadi kwenye kitanzi cha sindano, ili mdomo usilegee.

Mikanda ndo inayoua mikoba mingi. Ukifuma kamkanda kembamba kwa kwenda na kurudi kanavutika kama mpira. Piga cheni 90, fuma singo kwa urefu wote mistari 5, alafu kwa nyuma shonea utepe mgumu kama ule mafundi wanaouweka kwenye mabegi ya shule, utepe ndo ubebe uzito. Kupanga, kila upande una singo 46: acha 11, mguu wa mkanda uchukue 5, acha 14, mguu mwingine 5, zinabaki 11. Shona kwa uzi uleule, ushuke mistari minne chini ya mdomo, usiishie ukingoni.

Bitana usiiruke. Kipande cha kitenge au kanga ya zamani kinafaa sana, ila kanga mpya ifue kwanza, inarudi na inachuja rangi. Kata bitana iwe ndogo kuliko mkoba kama sentimita 1 kila upande, hilo watu wanafanya kinyume. Ikiwa ndogo yenyewe ndo inabeba mzigo na bisi zinabaki mapambo, ikiwa kubwa uzi ndo unabeba na bitana inakunjamana tu chini. Hapohapo weka zipu, halafu shona bitana kuzunguka chini kidogo ya mdomo.

Pasi usipitishe, itabonda bisi zote na kama uzi una akriliki utayeyuka. Ukichafuka fua kwa mkono na maji baridi, ukamue kwa kuufungia kwenye taulo, usiutundike kwa mikanda kwenye kamba. Ulaze kivulini, na kabla haujakauka ingiza vidole kati ya bitana na uzi pale utakapoweza, usukume bisi moja moja zitoke nje.