Jinsi ya kupanga wanamieleka na mapambano ya zamani bila kudanganywa na kumbukumbu

Kila ukikaa na wadau wa mieleka ya zamani ubishi ni uleule, mmoja anamtaja Hogan, wa pili anasema Undertaker, wa tatu anakuja na Bret Hart, afu nusu saa baadaye watu wameshanuniana na hakuna hata mmoja aliyemjibu mwenzake. Mi nimebishana hivyo tangu enzi za kanda za VHS kwenye kibanda cha video mtaani kwetu, na nilichokuja kugundua ni kwamba tulikuwa hatubishanii kitu kimoja. Wa Hogan alikuwa anaongelea nani alijaza watu ukumbini, wa Bret anaongelea nani alikuwa fundi ulingoni, na wa Undertaker anaongelea yule jamaa aliyemkosesha usingizi akiwa darasa la tatu.

Kwa hiyo kabla hujaandika jina hata moja, chukua daftari, juu ya ukurasa andika swali. Nani alikuwa mkubwa zaidi? Nani alikuwa fundi zaidi? Nani nampenda mimi? Hayo ni maswali matatu na yanataka kurasa tatu. Hogan kwenye ukurasa wa ukubwa humtoi juu kirahisi, alipomchukulia mkanda Iron Sheik pale Madison Square Garden Januari 1984 ndo biashara nzima ya WWF, ile kampuni ya mieleka ya Marekani inayoitwa WWE siku hizi, ilipopaa. Lakini ukimpeleka ukurasa wa ufundi lazima ashuke na wala sio kumkosea heshima. Usichanganye kurasa. Ukichanganya tu umerudi kwenye ubishi wa kijiweni.

Kuna atakayesema "mieleka si imepangwa bana, unapima nini sasa". Ndiyo imepangwa, mshindi anajulikana kabla, na ndo maana hatupimi nani alishinda. Tunapima wale wawili walivyokufanya uamini, walivyotumia mwili, muda, refa, kamba na kelele za watu kusimulia jambo moja likaeleweka hadi kwa mtu wa siti ya mwisho kabisa.

Sasa kazi yenyewe. Tazama pambano zima, kuanzia mtu anatoka nyuma ya pazia mpaka anarudi. Hapa ndo wengi wanakwama maana siku hizi tunaishi kwa klipu za sekunde arobaini, na klipu inakuonyesha mtu anaruka ila haikuonyeshi kwa nini kuruka kule kulikuwa na maana. Mi mwenyewe kwa miaka niliweka chini mechi ya Randy Savage na Ricky Steamboat, WrestleMania III (WrestleMania ndo onyesho kubwa la WWF la kila mwaka), 29 Machi 1987, kwa sababu nilikuwa nimeona vipande tu. Siku nilipokaa nikaitazama yote, na kabla yake nikatazama kilichotangulia, nilirudi kwenye daftari nikafuta.

Ngoja niielezee maana ni mfano mzuri sana. Mwishoni mwa 1986 Savage alikuwa amemrukia Steamboat kutoka juu ya kamba akiwa ameshika kengele ya ulingoni, akampiga nayo kooni, na hadithi ikawa kwamba koo limevunjika na jamaa hawezi kuongea. Miezi inapita, Steamboat anarudi. Sasa angalia dakika za mwanzo za pambano, Steamboat anamkaba Savage koo kwa mikono miwili anamnyanyua juu miguu inaning'inia. Hajasema neno lakini kila aliyefuatilia anaelewa, koo kwa koo. Kuanzia hapo ni kama dakika kumi na nne hivi na hakuna sekunde iliyokaa bure, hesabu ya refa inafika mbili (ikifika tatu mabega yako chini umeshindwa), mabega yananyanyuka, inafika mbili tena, watu wanasimama wanakaa wanasimama. Refa anaangushwa. Savage anashuka na kile kiwiko chake toka juu, kinampata sawasawa, hakuna wa kuhesabu! Anakwenda kuchukua kengele, kengele ileile jamani, anapanda nayo, na George Steele aliyekuja kumsindikiza Steamboat anamsukuma anaanguka. Savage anainuka anataka kumbeba Steamboat amtupe, Steamboat anamgeuzia hukohuko hewani anamkunja mabega chini, moja mbili tatu. Kilichoanza kwa kengele kimeisha kwa kengele. Na Savage alikuwa mtu wa kupanga kila hatua, Steamboat ameshaeleza walivyoandika hatua zote kwa namba wakawa wanaulizana kama wanafunzi kabla ya mtihani. Huwezi kuyajua hayo yote kwa klipu.

Ukimaliza kutazama jiulize, hili pambano lilipewa kazi gani? Hili kwangu ndo swali zito kuliko yote. Usiku uleule pale Pontiac Silverdome, Hogan na André the Giant walipigana kama dakika kumi na mbili na ukipima kwa ufundi ni mechi nzito, ya polepole, André mgongo wake ulikuwa umeshafanyiwa upasuaji na hata kutembea ilikuwa shida. Lakini kazi yake ilikuwa nini? Kazi yake ilikuwa kumfanya mtu mmoja amnyanyue mtu ambaye watu waliaminishwa hanyanyuliki, na Hogan alipomnyanyua akambwaga, uwanja mzima ulilipuka. Ile mechi ilimaliza kazi yake. Savage na Steamboat walipewa kazi nyingine na wao wakaimaliza. Sasa ukiziweka kwenye mizani moja bila kuuliza kazi utamwonea mmoja.

Mfano mwingine mkali zaidi ni Bret Hart na Steve Austin, WrestleMania 13, Machi 1997, kule Rosemont karibu na Chicago. Bret aliingia akiwa steringi, Austin akiwa adui. Kazi waliyopewa ni ngumu kuliko zote kwenye mieleka: wabadilishane nafasi mbele ya macho ya watu ndani ya pambano moja. Na wakafanya. Austin anavuja damu usoni, Bret amemfunga miguu na ile Sharpshooter yake, kamera inamsogelea Austin, damu inapita kwenye meno na hasemi nimeshindwa, anasukuma, karibu achomoke, Bret anakaza, mpaka Austin anazimia na refa Ken Shamrock anasimamisha. Bret kashinda, sawa, lakini anaendelea kumpiga mtu aliyezimia, na Austin anakataa kusaidiwa, anaondoka kwa miguu yake mwenyewe huku ukumbi unaimba jina lake. Aliyeshindwa katoka shujaa. Kwenye daftari langu nina safu ya "kazi" na hapo niliandika imekamilika nikapigia mistari miwili.

Jambo lingine, kila nchi ina mila yake ya mieleka na lazima uisome kwa mila hiyo. Ukitoka WWF ukaenda moja kwa moja All Japan, kampuni ya mieleka ya Japani, ya miaka ya tisini unaweza kudhani watu wamelala, kumbe wako kimya wanafuatilia. Anza na 9 Juni 1995, ukumbi wa Budokan Tokyo, Misawa na Kobashi dhidi ya Kawada na Taue, zaidi ya dakika arobaini. Ila usiingie mtupu, jua kwanza kwamba Misawa na Kawada walisoma sekondari moja, Misawa katangulia mwaka mmoja, na Kawada miaka yote hajawahi kumbana Misawa mabega chini hata mara moja. Ukijua hilo, pale Kobashi mguu wake mbovu unapokataa kabisa na anajilaza juu ya Misawa kumkinga asipigwe, utaelewa kwa nini watu wazima wanalia. Kisha Kawada anapata alichokitafuta. Nimeiangalia sijui mara ngapi na kile kipande cha Kobashi kinanishika koo kila mara.

Uingereza nako wakati wa mieleka ya televisheni ya Jumamosi walipigana kwa raundi kama ndondi, kwa hiyo usilalamike kwamba mechi inakatwakatwa, ndo sheria zao. Mexico barakoa ina thamani kuliko mkanda, El Santo alipomvua Black Shadow barakoa mwaka 1952 ile ilikuwa habari ya nchi. Na usiwaruke wanawake wa Japani, mtafute Manami Toyota wa miaka ya tisini afu uniambie kama orodha yako bado iko vilevile.

Kuhusu namba. Tumia ila usizitegemee. Ric Flair anahesabiwa mikanda 16 ya dunia, ni nyingi kweli, lakini mkanda unapewa na ofisi, kwa hiyo namba hiyo inakuambia ofisi zilimwamini kiasi gani, haikuambii mechi yake ilikuwaje. Ukitaka kujua Flair alikuwaje tazama mechi zake tatu na Steamboat za 1989, Chicago Februari, New Orleans Aprili, Nashville Mei, ile ya New Orleans mshindi ni anayechukua raundi mbili kati ya tatu na inakaribia saa nzima. Undertaker mechi 21 bila kupoteza WrestleMania mpaka Brock Lesnar alipomkata 2014, hiyo nayo ni hadithi nzuri iliyojengwa vizuri, iweke ukurasa wa ukubwa. Nyota za Dave Meltzer, mwandishi wa mieleka anayezipa mechi alama kwa nyota, pia ziangalie kama maoni ya mtu mmoja aliyeona mengi, kumbuka kipimo chake kilikuwa mwisho nyota 5 kwa kawaida, ikafika 2017 mechi ya Okada na Omega kule Japani ikapewa 6. Savage na Steamboat alizipa 4 na nusu. Rula ikirefuka katikati ya safari huwezi kuitumia kupima nguo ya zamani na mpya pamoja.

Na wale ambao kanda zao ni chache? Usimpe mtu sifuri kwa sababu hakurekodiwa. Bruno Sammartino alichukua mkanda Mei 1963 kwa Buddy Rogers chini ya dakika moja, akaushika zaidi ya miaka saba na nusu. Siku anaupoteza kwa Ivan Koloff, Januari 1971, ukumbi ulinyamaza kiasi kwamba Bruno alidhani masikio yake yameharibika, na amelisema hilo mwenyewe. Ukimya ule nao ni ushahidi. Mi huwa namwekea alama ya penseli, nafasi ya juu ukurasa wa ukubwa, ukurasa wa ufundi naacha wazi.

Kuna mtu mmoja nataka umkumbuke hasa sisi wa huku. Kamala, waliyemwita Jitu la Uganda. Hakuwa Mganda, alikuwa James Harris wa Mississippi, na walimtengeneza Memphis 1982, wakampaka rangi, wakamvua viatu, wakamzuia asiongee, wakamfanya hata kumbana mtu chini hajui, anamlaza kifudifudi. Inaniuma kwamba jina la jirani zetu lilitumiwa kuuza picha ya mshenzi, na nasema wazi. Lakini unapompanga, tenganisha waliobuni na aliyefanya. Mtu wa kilo zaidi ya 150 aliyeweza kutisha ukumbi bila neno hata moja, akapangwa na Hogan, akapangwa na Undertaker Wembley 1992, huyo alikuwa anajua kazi. Ukurasa wa ufundi wa "majitu" mi nimemweka juu kuliko wengi waliopewa mikanda.

Ukishatazama mechi kama kumi usizipe alama kwa mia. Hakuna anayejua tofauti ya 87 na 89. Zipambanishe mbilimbili, hii au ile, kama mchujo, anayeshinda anapanda juu, na kila mara andika sentensi moja ya kwa nini. Sentensi ikikataa kutoka basi hujaitazama vizuri, rudia. Mechi ulizozipenda utotoni zitazame mwisho, na uzitazame asubuhi ukiwa umetulia, sio usiku na washkaji wakipiga kelele. Afu funga daftari miezi mitatu, rudi, zirudie zile tano za juu bila kuangalia ulichoandika.

Mi nilivyorudi mara ya mwisho Savage na Steamboat walikuwa namba moja, Bret na Austin namba mbili. Nikazitazama zote Jumapili moja, moja baada ya nyingine. Ya 1987 ni safi zaidi, hilo sibishi, hakuna kosa hata la kusingizia. Ila ya 1997 nilipofika pale Austin anasukuma na damu mdomoni nikajikuta nimesimama sebuleni wakati matokeo nayajua miaka na miaka. Nikachukua kalamu nikazigeuza, na sentensi yangu ikawa: ya 1987 inakuonyesha ufundi, ya 1997 inakubadilisha upande bila kukuomba ruhusa. Kama wewe ukizitazama sentensi yako inakwenda kinyume, iandike nayo, tubishane tukiwa kwenye ukurasa mmoja.