Ziwa Ngosi kutokea Dar: panga safari yako kwa kuhesabu saa kurudi nyuma

Mara ya kwanza nilipofika ukingoni mwa Ziwa Ngosi, ziwa sikuliona. Ilikuwa saa nane mchana, ukungu umejaa shimo zima, na sisi sita kutoka Dar tumesimama tukikodolea macho weupe mtupu. Kijana aliyetuongoza akasema kwa upole, "Poleni kaka. Huyu anapokea wageni asubuhi." Tulikuwa tumesafiri zaidi ya kilometa 800.

Nimerudi mara kadhaa tangu siku ile, nikipeleka marafiki na wafanyakazi wenzangu, na utaratibu wangu ni mmoja: naanza na saa ya kufika ukingoni, kisha narudi nyuma hadi kitandani kwangu Tabata.

Kwa asiyelijua, Ngosi (wengine huandika Ngozi) ni ziwa la kreta katika Milima ya Uporoto, kusini ya jiji la Mbeya, kando ya barabara iendayo Tukuyu. Urefu wake ni kama kilometa mbili na nusu. Unatembea ndani ya msitu mnene, unapanda hadi mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, halafu ghafla ardhi inakatika na maji yako chini kabisa.

Hatua ya 1: Saa

Lengo ni kuwa ukingoni saa tano asubuhi, kabla ukungu haujatanda. Miguu ya Dar inahitaji saa moja na nusu hadi mbili kupanda, kwa hiyo uanze kutembea saa tatu. Kutoka Uyole, pale Mbeya barabara ya Tukuyu inapoanzia, hadi mwanzo wa njia, ukiweka kusubiri Hiace ijae na kupatana na bodaboda, tenga saa moja na nusu. Yaani saa moja na nusu asubuhi uwe stendi, umeshakunywa chai.

Usiseme utaanza saa kumi na mbili alfajiri ili uwahi zaidi. Mbeya iko magharibi ya Dar, lakini saa zetu ni zilezile. Mwezi wa Julai jua la Dar huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, ila Mbeya hukaribia saa moja. Giza lile na baridi ile vitakurudisha kwenye blanketi.

Saa ya kugeuza ni saa nane, hata kama mmebakiza hatua hamsini. Hiyo mkubaliane kabla ya kuondoka, maana kule juu kila mtu huwa jasiri.

Hatua ya 2: Tarehe

Nenda kati ya Julai na Oktoba. Kuanzia Novemba hadi Mei mvua za upande wa Rungwe si mchezo, na njia inageuka utelezi. Wengi hukimbilia sikukuu ya Nane Nane kwa sababu ni kiangazi na kuna mapumziko. Sawa, ila maonyesho ya wakulima ya kanda hufanyika viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya, na vyumba vya bei nafuu huisha mapema. Lipia kabla.

Hatua ya 3: Usafiri

Basi la alfajiri kutoka Mbezi Luis linakufikisha Mbeya usiku: Morogoro, Mikumi, mlima Kitonga, Iringa, Makambako. Ijumaa unasafiri, Jumamosi unapanda, Jumapili unarudi. Ni siku moja tu ya ruhusa kazini. Mabasi ya usiku yapo pia, lakini anayeshuka kwenye basi asubuhi na kuingia msituni bila kulala ndiye huyo huyo tunayemsubiri kila baada ya dakika tano. Treni ya TAZARA ni safari nzuri kwa mwenye likizo, si kwa mwenye wikiendi. Ndege hutua uwanja wa Songwe, Mbeya, ukijaliwa.

Lala Uyole au karibu yake, si katikati ya jiji, kwa kuwa Uyole ndipo barabara ya Tukuyu inapochepuka kutoka barabara kuu ya Zambia. Mwambie kondakta wa Hiace akushushe njia panda ya Ngosi, wanaijua. Dirishani utaona magunia ya viazi mviringo yakipakiwa kwenye malori. Chipsi mayai zako za Sinza huenda zimetokea hapo.

Hatua ya 4: Pumzi

Dar ni tambarare na ina hewa ya usawa wa bahari. Kwenye mita 2,600 hewa ni kama robo tatu ya ile uliyoizoea, kwa hiyo mtu anayekimbia Coco Beach kila Jumamosi anashangaa kujikuta akihema kama kapanda na gunia. Dawa yangu ni ngazi. Wiki sita kabla, panda na kushuka ngazi za jengo la ghorofa sita hivi, mara tatu kwa wiki, begi mgongoni. Kushuka usikudharau, magoti huumia wakati wa kurudi. Wiki mbili za mwisho, nenda msitu wa Pugu-Kazimzumbwi ukatembee saa nne mfululizo kwa viatu vilevile utakavyovaa Ngosi.

Hatua ya 5: Viatu, kisha mengine

Hapa nitakaa kidogo. Wengi wetu tunanunua mabuti ya mtumba pale Karume, na mengine ni mazuri kuliko mapya ya dukani. Tatizo ni umri. Soli za namna fulani zikikaa miaka kabatini huoza ndani kwa ndani, nje zinang'aa. Rafiki yangu mmoja soli ilimtoka nzima katikati ya mianzi. Tukaifunga kwa kamba ya begi akashuka akichechemea hadi barabarani. Kabla ya kulipa, likunje buti kwa nguvu na ubonyeze soli kwa ukucha. Ikipukutika kama mkate mkavu, mrudishie. Usipopata buti, gambuti la mvua lenye meno linafaa kuliko raba yoyote. Wenyeji ndilo wanalovaa.

Joto hupungua kama nyuzi sita kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukiacha Dar ina nyuzi 28, ukingoni unakuta 12 au 13, na shati limelowa jasho. Beba shati kavu la kubadilisha, sweta na koti la mvua, vyote ndani ya mfuko mnene wa taka ndani ya begi. Suruali ndefu ni lazima, kuna majani yanayowasha. Maji lita mbili, mayai ya kuchemsha, chapati, karanga. Pakua ramani kwenye simu kabla, maana mtandao humo msituni huja na kuondoka.

Hatua ya 6: Malipo na kiongozi

Msitu ni hifadhi, una ada. Ulizia mapema na uombe risiti. Kiongozi wa kijijini mchukue hata kama unadhani njia unaijua: vijia vya wachanja kuni vinafanana na njia yenyewe. Patana bei kabla ya kuanza, ikiwemo bodaboda ya kurudi. Atakusimulia habari za joka la ziwani na dhahabu ya Wajerumani. Sikiliza bila kubisha.

Hatua ya 7: Msituni

Nusu ya kwanza ni laini. Tembea taratibu kuliko unavyotaka. Utapita mianzi na migomba mwitu, na ukinyamaza unaweza kuona mbega. Mwisho ni mwinuko mkali wa kushika mizizi. Ukifika, badilisha shati kwanza, picha baadaye.

Kuteremka hadi majini mimi siruhusu kundi langu, isipokuwa njia iwe kavu, muda haujafika saa sita na kila mmoja bado ana nguvu. Ule mteremko unashuka kwa mikono na matako, na kuurudia ndiko kunakotoa watu machozi.

Jioni, omba ndoo gesti uoshe mabuti usiku huohuo, uyajaze magazeti. Ukiyafunga na tope lake hadi Dar, kwa unyevu wa kwetu utayakuta na ukungu mwingine kabisa.