Mambo ya Kuandaa Kabla ya Kufuatilia Kutu ya Feleji Inayoloweshwa na Kukaushwa

Anayepanga jaribio hili, la kulowesha vipande vya feleji katika maji ya chumvi na kuvikausha kwa zamu, azingatie kwanza kwamba kutu haishiki kasi kubwa kipande cha feleji kikiwa kimezama, bali kinapokaribia kukauka. Utando wa maji ukishakuwa mwembamba, oksijeni ya hewani huufikia uso wa chuma kwa urahisi, na chumvi iliyomo huzidi kukolea. Kwa hiyo kuandika daftarini "saa 12 majini, saa 12 nje" hakutoshi. Kipima joto na unyevu kiwekwe karibu kabisa na sampuli, si ukutani. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya unyevu wa hewa ukifikia takriban asilimia 75, ilhali kloridi ya magnesi, iliyomo katika maji ya bahari, huanza kwenye takriban asilimia 33, na kipande kinachodhaniwa kikavu kinaweza kuwa bado kinaliwa.

Idadi ya sampuli ndiyo inayowaponza wengi. Kipande kikishaondolewa kutu kwa asidi ili kipimwe uzito, hakirudishwi majini kana kwamba hakikuguswa. Hivyo upimaji wa mara tano, kwa vipande vitatu kila mara, unahitaji vipande 15, pamoja na vingine visivyo na kutu vya kuonyesha asidi yenyewe inakula chuma kiasi gani. Kila kimoja kisuguliwe kwa msasa, kioshwe kitoke mafuta, kikaushwe, kipimwe eneo lake pamoja na kingo, kisha kipimwe uzito kwa mizani inayosoma hadi miligramu 0.1. Glavu zivaliwe tangu hapo, kwani jasho lina chumvi, na baada ya muda mistari ya kidole hujitokeza juu ya chuma, imechorwa kwa kutu.

Uzito uliopungua hutoa wastani tu na huficha vishimo, kwa hiyo hadubini au kifaa cha kupima kina kiwe tayari. Vipimo vya umeme vinavyotegemea elektrodi (vipande vya kupitishia umeme) huhitaji maji, na usomaji wake hauaminiki utando ukishakatika.

Mwisho ni beseni lenyewe. Gramu 35 hivi za chumvi kwa lita zinatosha, lakini maji hupungua kwa mvuke. Kiwango kiwekewe alama, na kinachopungua kwa mvuke kijazwe kwa maji yasiyo na chumvi.